Kaza Springi, Usipunguze Gunia

Pawatila yako haivuti. Wewe unajua, nami najua, na majirani zako wa Igurusi wamejua tangu uliposhindwa kupanda tuta la mfereji mbele ya macho yao: injini inanguruma, moshi unatoka, tela limegoma, na harufu ya kitu kilichoungua inakusindikiza hadi barabara kuu. Usihangaike. Ipo njia ya kulimaliza jambo hili bila kununua pleti, bila kupunguza mzigo na, kubwa kuliko yote, bila kukiri mbele za watu kwamba ulizidisha. Njia hiyo inapita Mwanjelwa, Mbeya mjini. Inahitaji spana, washa chache na uso mkavu.

Hatua ya 1: Sema ni springi

Wahi kusema kabla hujaulizwa. Inama, sikiliza injini kidogo, nyamaza, halafu inuka taratibu na utamke: "Springi zimelala." Usiongeze neno.

Springi ni mshtakiwa mzuri kwa sababu zimo ndani, hakuna anayeziona, na kuchoka kwake si kosa la mtu. Ukisema mkanda, mtoto yeyote atainama autazame. Ukisema pleti, mama watoto atauliza bei. Ukisema mzigo, umejimaliza mwenyewe.

Jifunze hata hivyo mashine ilivyo, maana Mwanjelwa haikosi mbishi. Injini imelala mbele, silinda moja, dizeli, nguvu farasi 12 hadi 15. Nguvu inatoka kwenye flaiwili kwa mikanda ya V, mitatu au minne kulingana na mashine, inakwenda nyuma kwenye puli ya klachi. Ndani ya puli hiyo zimo pleti kavu, na springi zilizopangwa duara zinazibana. Ukisukuma mkono wa klachi mbele, pleti zinashikana. Ukiuvuta, zinaachana. Ukizidi kuuvuta, unakamata breki. Kwa hiyo nguvu inavuka sehemu mbili zinazotegemea msuguano, kwenye mikanda na kwenye pleti, na zote mbili zinaweza kuteleza. Mshauri mwenye busara huitaja ile ya ndani tu.

Hatua ya 2: Mkwepe fundi anayeuliza

Kuanzia Kabwe ukizunguka soko la Mwanjelwa, utapata gereji bubu za kila aina, na mafundi wa kila aina. Kuna yule kijana mwenye ovaroli iliyopauka atakayekuamkia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha aulize: "Ulikuwa umebeba nini?" Ondoka hapo. Huyo atakufungulia mashine, atakuonyesha pleti zilivyobabuka, atakwambia na bei, na mwisho atakupa nasaha. Hukwenda mjini kutafuta nasaha.

Unayemtaka ni fundi maiko. Huyu haulizi mzigo. Anauliza, "Bosi, una shilingi ngapi?" Ukimtajia, utashangaa jinsi ugonjwa wa mashine unavyolingana na pesa iliyo mfukoni. Pembeni yake kuna kopo la maziwa limejaa springi zilizotoka kwenye pikipiki, kwenye jenereta, kwenye vitu vilivyokwisha kusahauliwa na wenyewe. Atachovya mkono, atatoa nne zinazokaribiana urefu na mbili zisizokaribiana na chochote, atazipuliza vumbi na kukwambia: "Hizi Japani tupu, mzee."

Mwamini. Tangu Kilimo Kwanza ya 2009, halmashauri ziliposhusha matrekta ya mkono kwa wakulima, kila mwenye pawatila ya Kichina ana ndoto ya kitu cha Kijapani ndani yake. Springi sita ni mwanzo mzuri.

Hatua ya 3: Tia washa

Huu ndio moyo wa kazi. Mwambie fundi afungue klachi na aweke washa moja chini ya kila springi. Springi inaanza kazi ikiwa imekwisha kubanwa, inazikandamiza pleti zaidi, na klachi inashika. Ni kweli inashika. Utatoka Mwanjelwa na tela tupu, utapanda kamlima ka kwanza bila shida, na utampigia simu shemeji yako kumwambia kwamba mambo ya mashine yanataka akili.

Ukiona moja inafaa, weka mbili. Zikikuisha katikati ya kazi, weka mbili upande huu na moja upande ule. Pleti itabanwa kimshazari, itaungua upande mmoja na kubaki mpya upande wa pili, nawe utakuwa na ushahidi kwamba nusu ya klachi yako haijatumika.

Yapo mabadiliko madogo utakayoyaona. Mkono wa klachi uliokuwa ukivutwa kwa mkono mmoja sasa utataka mikono miwili na mguu kwenye fremu. Hilo ni tatizo la deiwaka, si lako. Pia, springi ikibanwa hadi pingili zikagusana, haina pa kwenda tena. Hapo utavuta klachi na pleti hazitaachana. Mashine itaendelea na safari, kwa utulivu, kuelekea mfereji mkuu wa umwagiliaji. Ukiwa tumboni mwa mfereji, waeleze waliokuja kukuvuta kwamba klachi sasa ina nguvu mno.

Hatua ya 4: Ondoa ule uwazi unaokukera

Shika mkono wa klachi uuchezeshe. Utaona unacheza kidogo bure kabla haujakutana na uzito. Mwanaume kamili hawezi kuvumilia kitu kinachocheza kwenye mashine yake. Chukua spana, kaza nati ya fimbo hadi mchezo wote uishe.

Kwa nini watengenezaji waliuacha uwazi huo? Kwa sababu mbele ya vidole vya klachi vinavyozifungua pleti kuna beringi, na kati ya beringi na vidole panatakiwa nafasi ndogo sana, iliyo sawa kwa kila kidole, ili klachi ikiwa imeshika, springi zibane kwa nguvu zake zote na beringi ipumzike. Pleti zinavyolika, nafasi hiyo inazidi kupungua, ndiyo maana inapimwa kwa fila geji na kurudishwa kila baada ya muda. Ukiiondoa kabisa, beringi inavisukuma vidole saa zote. Yaani unatembea huku umevuta klachi kidogo, kutwa nzima, kutoka Chimala hadi Igawa. Umekaza ili ishike, kumbe umeiachia. Springi zile zile ulizozitia washa sasa zinapigana na fimbo uliyoikaza, na pleti zinalipa pande zote mbili.

Usijione mjinga peke yako. Nenda stendi yoyote ya bodaboda Mbeya uangalie waya za klachi. Dereva anayelalamika kwamba pikipiki imepoteza nguvu kupanda Mlima Nyoka ndiye aliyeukaza waya hadi klachi ya mkononi haina hata punje ya mchezo. Dawa yake ni kuzungusha kirekebisho mara mbili tatu kurudi nyuma. Atakachofanya ni kwenda kukaza tena.

Hatua ya 5: Mkanda usiuguse, au uguse vibaya

Nimekuonya kwamba mkanda unaonekana kwa macho, kwa hiyo ni adui wa hadithi yako. Ujue vizuri ili uweze kuukwepa vizuri.

Mkanda wa V haushiki kwa tumbo. Unashika kwa mbavu, kama kabari kwenye mpini wa shoka: kadiri unavyovutwa ndivyo unavyojikita kwenye kuta za mfereji wa puli. Ukilika, unazama. Ukizama hadi tumbo likagusa chini ya mfereji, mbavu hazina tena cha kubana, na hapo mkanda unazunguka kwa kupenda kwake. Dalili ziko wazi: chini ya mfereji wa puli panang'aa, mbavu za mkanda zimekuwa laini na nyeusi, na ukiwasha injini unalia. Vyote hivyo unaviona bila kufungua nati hata moja. Ndiyo maana usiangalie.

Mkanda ukilia, upake sabuni ya mche. Utanyamaza palepale. Utateleza zaidi, lakini kimyakimya, na mteja hasikii kinachoteleza kimyakimya. Ukitaka ushike badala ya kunyamaza, agiza kwa mtu wa Mafinga akuletee utomvu wa misonobari ya Sao Hill. Upake kwa ukarimu. Mashine itaruka mbele mwanzoni, na utasifiwa. Kisha utomvu utapata joto, utakutana na vumbi la Usangu wa mwezi wa kumi, na utageuka msasa utakaokula mbavu za mkanda na kuta za puli kwa zamu.

Mkanda mmoja ukikatika, nunua mmoja. Usikubali kubadilisha seti nzima, hiyo ni njama ya wauza spea. Ni kweli kwamba mpya ni mfupi kidogo kuliko wazee wawili waliokwisha kunyooka, na kwamba utabeba mzigo wote peke yake huku wenzake wakipunga upepo, na kwamba kwa sababu hiyo utakatika mapema. Lakini utakapokatika utanunua mmoja tena, na kwa mahesabu ya siku moja moja daima umetumia pesa kidogo.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kuazima kwenye mashine ya kusaga. Injini za aina moja na yako zinasaga mahindi vijijini kote huko, na mikanda inafanana kwa mbali. Kwenye mgongo wa mkanda kuna herufi na namba. Usizisome. Mkanda wa A una upana wa milimita 13 juu na unene wa 8. Wa B una 17 na 11. Ukiutia wa A kwenye puli ya B unadumbukia moja kwa moja hadi chini, unatulia humo, na mashine haitoki hapo ilipo. Angalau haulii.

Sasa nikuambie siri, ila isifike Mwanjelwa. Kuurekebisha mkanda hakutaki springi wala fundi. Unalegeza bolti zinazoishikilia injini kwenye fremu, unaisukuma injini mbele kidogo, unahakikisha puli mbili zimelingana mstari mmoja, unakaza. Halafu unabonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: ukishuka sentimita 2 au 3 hivi, umemaliza. Ukilegea mno utateleza na kuungua. Ukikazwa mno utaua beringi. Kazi yote inaisha kabla chai haijapoa, na haina gharama. Hapo ndipo ilipoharibikia. Nani alipata heshima kijijini kwa kulegeza bolti nne na kubonyeza kwa dole gumba?

Hatua ya 6: Mzigo uhesabu kwa gunia, usiupime kwa kilo

Tela la pawatila limetengenezwa kubeba tani moja, mengine moja na nusu. Wewe unabeba gunia kumi tu. Gunia kumi ni gunia kumi, nani atabisha?

Wakala wa Vipimo wanabisha. Wamepiga kelele miaka nenda rudi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na miaka hiyo hiyo lumbesa imezidi kuota kilemba. Gunia lako la viazi kutoka Matamba lina mwili, lina shingo ya kamba iliyosukwa, na juu ya shingo lina kichwa kizima. Kumi ya hayo si tani moja. Juu ya viazi panda wewe mwenyewe na utingo, mpandishe shangazi anayekwenda kliniki, mpandishe mbuzi wa shughuli. Kisha simama chini ya kilima, tia gia kubwa ili usionekane mnyonge, achia klachi nusu, na uiache ijifikirie.

Hapo pleti zinateleza, na kuteleza huko ni joto, na joto linaziua springi kweli. Springi ikishapikwa hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo pongezi: ulichokisema katika Hatua ya 1 kimekuwa kweli. Springi zimelala. Umezilaza wewe.

Mnunuzi wa lumbesa alikulipa gunia kumi. Zile kilo za ziada ulizomzawadia zilibebwa na klachi yako, bure.

Hatua ya 7: Hapa usinifuate

Katika kushuka sina ujanja wa kukupa, na anayekupa anataka kurithi shamba lako. Barabara ya Matamba kuteremkia Chimala inaitwa Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Wapo wanaoachia klachi huko juu waserereke kuokoa dizeli. Klachi iliyojazwa washa inaweza kukataa kushika tena au kukataa kuachia, na hujui ni ipi mpaka kona ikujibu.

Kuna na hili la vibano viwili vya kwenye mishikio. Tambarare, ukibana cha kulia, gurudumu la kulia linakatiwa nguvu na mashine inakwenda kulia. Kwenye mteremko mkali mambo yanageuka. Gurudumu ulilolikatia nguvu ndilo linalokimbia, kwa sababu lile jingine limezuiwa na injini. Unabana kulia, mashine inakwenda kushoto. Waliozoea hushuka na gia ndogo tangu juu, klachi imeshika muda wote, mkono hauendi kwenye vibano, kona inakatwa kwa kuisukuma mishikio kwa mwili. Hili shika kama lilivyo. Tunaweza kurudi kwenye kejeli tukifika chini.

Hatua ya 8: Tafuta wa kulaumiwa

Wa kwanza ni deiwaka. Hayupo, na hata akiwepo hana mkataba. Wa pili ni dizeli iliyochakachuliwa. Wa tatu ni Uchina. Wachina walijenga TAZARA miaka ya 1970 na wakatusaidia kuanzisha shamba la mpunga la Mbarali. Mgongo uliobeba hayo utabeba na klachi yako.

Ukiwa Mbeya mjini unayo na hoja ya kisomi: mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu. Iseme polepole ukiwa umeelekeza macho mlima Loleza. Ni kweli tupu. Omba tu pasiwe na mwanafunzi wa ufundi pale, atakayekukumbusha kwamba injini iliyopungukiwa nguvu inaipunguzia klachi kazi, haiiongezei.

Hatua ya 9: Uza

Msimu ukiisha, osha mashine, paka rangi, bandika stika. Tangaza kwamba klachi "imefanyiwa kazi kubwa Mwanjelwa", jambo ambalo hakuna atakayelipinga. Mtafute mnunuzi wa mbali, mtu wa Pawaga, Iringa, kwa mfano. Akifika mpokee kwa "kamwene", mkaribishe wali, na umwonyeshe mashine ikitembea uwanjani bila tela. Usimwache aivute klachi mwenyewe, mwambie mkono umekazwa makusudi kwa ajili ya usalama wa watoto.

Na wewe wa Pawaga, ukiwa umesoma hadi hapa, wali ule kwanza. Ukimaliza omba uiendeshe mwenyewe. Ielekeze pua kwenye shina la mwembe mnene mpaka iguse, tia gia kubwa, injini iende wastani, kisha sukuma mkono wa klachi mbele moja kwa moja. Injini ikizimika, mikanda na klachi ni nzima, anza kuzungumza bei. Ikiendelea kunguruma, tazama puli ya klachi. Kama imesimama huku flaiwili inazunguka, ni mikanda. Isukume injini mbele, jaribu tena. Kama puli inazunguka na magurudumu yametulia, ni pleti. Muulize mwenyeji springi zina washa ngapi, na bei ya pleti mpya ipunguzwe kwenye bei yake.